Kwa Nini Mkate wa Isiolo Haukujazwa Jibini

Wanawake wa Anatolia, nchini Uturuki, huukunja mkate mwembamba juu ya jibini na majani mabichi, wakaugeuza mara mbili tatu kwenye bamba la chuma, na chakula kikawa tayari kabla chai haijachemka. Oman mkate wa ragagi hupakwa yai na jibini ukiwa bado juu ya moto. Forodhani, Unguja, wapishi hutandaza unga uliokandwa hadi uwe mwembamba, wakaweka ndani nyama ya kusaga, kitunguu, yai na kipande cha jibini laini, wakafunga na kukaanga kwa samli, na wateja wakaita piza ya Zanzibar. Isiolo ina kila kitu ambacho mkate wa namna hiyo unahitaji ili uzaliwe. Juu yake, mwendo wa saa moja hivi kwa gari, yako mashamba ya ngano ya Timau kwenye miteremko ya Mlima Kenya. Chini yake imelala nchi ya ng'ombe, mbuzi na ngamia inayofika hadi mpaka wa Ethiopia. Katikati uko mji ambao hufungua kinywa kwa mkate wa kikaango, anjera au chapati, kuanzia Bula Pesa hadi Kambi Garba. Hata hivyo anjera ya Isiolo haikupata kuwa mkate wa kujazwa jibini. Huliwa kwa samli na sukari, au kwa chai ya maziwa, au kwa mchuzi wa nyama. Hoja yangu ni kwamba pengo hili halikuletwa na ujinga wa kugandisha maziwa, wala umaskini peke yake hautoshi kulieleza. Lilitokana na jinsi mji wenyewe ulivyoundwa, na kazi ambazo maziwa ya nchi hii yalikuwa yamekwisha kupewa kabla unga haujafika.

Tuutazame mkate kwanza. Anjera hutengenezwa kwa rojo ya unga wa ngano, au ngano iliyochanganywa na mahindi au mtama, ikaachwa iumuke usiku kucha. Asubuhi humiminwa katikati ya kikaango chenye moto, ikasambazwa kwa mgongo wa upawa kwa kuzunguka kuelekea nje mpaka iache mistari ya duara, kisha hufunikwa. Haigeuzwi. Chini hukauka na kuwa na rangi, juu hutoboka matundu mengi madogo, na matundu hayo ndiyo yanayonywa samli. Ndugu zake wako Somalia yote na ng'ambo ya Ghuba ya Aden, katika miji ya Yemen. Kwa hiyo mkate huu haukuota Isiolo. Uliletwa, na waliouleta wanajulikana. Baada ya Vita Vikuu vya Kwanza serikali ya kikoloni iliwaacha Wasomali wa koo za Isaaq na Herti, wengi wao askari waliotumikia King's African Rifles pamoja na wafanyabiashara wa mifugo, wafanye makao hapo. Walikuwa watu waliozoea bandari na kambi za jeshi, waliokwisha kuonja mchele, ngano, chai na iliki. Sheria ya mwaka 1919 iliwatenga baadhi ya Wasomali na hesabu ya wenyeji, na hadhi hiyo ilipotishiwa na sheria ya kodi ya 1936, Waisaaq walipigania haki ya kulipa kodi ya kiwango cha Waasia, ingawa ilikuwa kubwa zaidi. Watu wanaokubali kutozwa zaidi ili wahesabiwe watu wa mji hawawezi kuwa wameishi kwa chakula cha kambi za ufugaji peke yake. Anjera iliingia Isiolo ikiwa chakula cha nyumba za mji, nyumba zenye jiko lisilohama na unga ulionunuliwa.

Hapa ndipo Isiolo inapoachana na Anatolia tangu mwanzo. Wafugaji Wayörük wa Uturuki walipanda milimani kiangazi na kondoo na mbuzi wao, wakashuka majira ya baridi karibu na vijiji vya ngano. Mwanamke aliyekama ndiye aliyekanda unga, na jibini iliyohifadhiwa katika ngozi ya mbuzi ilikuwa ndani ya hema hilohilo lenye bamba la kuokea. Isiolo kikaango kilikuwa nyumbani kwa mfanyabiashara na kibuyu cha maziwa kilikuwa kwa mfugaji, na kati yao lilikuwapo duka. Vitu viwili vikikutana kwenye kaunta ya duka huwa vimekwisha kugeuka bidhaa, na si kila kinacholiwa nyumbani hugeuka bidhaa.

Unga wenyewe uliteremka kutoka mlimani. Mlowezi Lord Delamere alianzisha kampuni ya Unga mwaka 1908, baada ya kuhangaika na ugonjwa wa kutu katika ngano yake ya Njoro, na kadiri miaka ilivyokwenda walowezi waliisogeza ngano hadi upande wa kaskazini wa Mlima Kenya. Isiolo ilipofanywa makao makuu ya Northern Frontier District, NFD kama watu walivyoizoea, magunia ya unga yalikuwa jirani. Lakini ujirani huo ulikuwa na lango. Sheria ya 1902 iliruhusu maeneo ya pembezoni yafungwe, NFD ikafungwa rasmi mwaka 1926, na sheria ya 1934 ikawapa maofisa mamlaka makubwa juu ya mahali pa kuishi na njia za kupita. Mkulima wa Meru hakuweza kwenda apendapo na mzigo wake wa nafaka kwa mfugaji, na mfugaji hakuweza kupanda kwake na maziwa yake. Biashara ilipitia kwa wenye leseni. Duka lilitoa unga, sukari, majani ya chai na nguo, likapokea mbuzi, ngozi na samli. Bidhaa zinazopokelewa huonyesha ni nini kinachoweza kuvumilia safari na kusubiri. Samli hukaa miezi bila kuharibika na humezwa na kila jamii ya mji. Jibini mbichi huharibika kwa siku chache, na katika Isiolo ya miaka ya 1930 hakuwapo mnunuzi wake.

Sasa maziwa. Waborana wa Waso walihamishiwa bonde la Ewaso Nyiro kutoka upande wa Wajir mwanzoni mwa miaka ya 1930, wakaja na elimu kamili ya maziwa. Chombo chao kikuu ni gorfa, inayosukwa kwa nyuzi za mizizi hadi isivuje tone. Ndani yake hutengenezwa ititu. Maziwa ya ng'ombe huachwa yachachuke na kushikana, maji yake yakaondolewa, maziwa mengine yakaongezwa, yakashikana tena, maji yakatolewa tena, hivyo hivyo kwa siku nyingi, mpaka chombo kijae kitu kizito, kichachu na kitamu kinachoweza kukaa majuma kadhaa. Ni chakula cha heshima, anachopewa mgeni. Anayejua kushikanisha maziwa, kuyachuja na kuyahifadhi kwa uchachu wake amekwisha kupita zaidi ya nusu ya njia ya jibini. Hata harufu ya majani ambayo Mturuki huitafuta katika mboga zake, Mborana huipata kwa moshi: kijiti cha mzeituni mwitu huchomwa, chombo kikafukizwa kwa kaa lake, na moshi ukaua vijidudu na kuacha ladha inayotambulika katika kila tone. Ukiuliza viungo vya vyakula hivi viko wapi, viko kwenye ukuta wa kibuyu. Kwa hiyo dai kwamba watu hawa hawakuwa na jibini kwa kuwa hawakujua haliwezi kusimama mbele ya gorfa moja ya ititu.

Kwa nini basi hawakwenda hatua iliyobaki, wakakausha, wakatia chumvi, wakauza? Jibu liko katika hesabu ya maziwa, na hapa naomba msomaji avumilie tarakimu. Ng'ombe wa Boran anayelishwa na nyika humwachia mkamuaji lita 1 au 2 kwa siku baada ya ndama kupata haki yake. Kilo moja ya jibini ngumu hula lita 10 hivi. Kilo moja ya samli hula mara mbili ya hiyo au zaidi. Kwa hesabu ya juu juu samli ndiyo ghali, na mtu angetarajia jibini ishinde. Lakini samli huchukua mafuta tu. Baada ya kusukasuka na kutoa siagi, maziwa yaliyobaki yana protini yake yote, na hayo hunywewa na watoto siku ileile. Jibini huondoa mafuta na protini pamoja, ikaacha maji yasiyoshibisha. Mama mwenye ng'ombe wachache na watoto watano, katika nchi isiyolima, akiuza samli amegawa maziwa mafungu mawili: moja kwa duka, moja kwa nyumba. Akiuza jibini ameuza chakula cha mtoto. Nadhani huu ndio ushahidi mzito kuliko wote, kwa sababu hauhitaji mila wala tabia kuufafanua. Mila ikaja juu yake na kuupa utukufu: katika buna qalaa, buni nzima hukaangwa ndani ya samli na kutolewa pamoja na baraka, na hakuna sherehe ya Kiborana isiyokuwa na samli. Chakula kilichokwisha kupewa kazi ya ibada hakinyang'anywi maziwa yake kirahisi.

Kuna anayeweza kupinga kwa kutaja majirani wa kaskazini. Katika nyanda za juu za Ethiopia hutengenezwa ayibu, jibini laini inayotokana na maziwa yaliyobaki baada ya siagi kutolewa: huchemshwa polepole, yakakatika, yakachujwa, wakati mwingine yakatiwa majani na pilipili, ikaliwa pamoja na injera. Wako Waoromo wanaoila, na Waborana ni Waoromo. Mbona haikuteremka? Pingamizi hili, nikilitazama vizuri, linaikaza hoja. Kaya ya nyanda za juu ina teff, shayiri au ngano yake ghalani. Mtoto wake anashiba nafaka, na maziwa yaliyotolewa siagi yanaweza kupelekwa jikoni. Kaya ya nyika haina ghala, na maziwa hayo ndiyo mlo. Watu wa asili moja na lugha moja, wenye ng'ombe wa ukoo mmoja, wameachana kwa kuwa mmoja ana shamba na mwingine hana. Unga ulipoanza kufika kwa mfugaji wa Isiolo, ulifika kidogo, kwa bei ya duka, na kwa miaka mingi ukiwa chakula cha kiangazi, yaani msimu ambao maziwa yenyewe yamekauka. Mkate na maziwa mengi havikukaa mezani pamoja. Mmoja ulikuja mwenzake alipoondoka.

Pingamizi la pili ni la joto. Watasema jibini ni kitu cha nchi za baridi. Hilo halina nguvu. Sudan, penye jua kali kuliko Isiolo, ina jibini nyeupe ya chumvi inayojulikana sana katika eneo la Ed Dueim kando ya Nile Nyeupe. Wafulani wa kaskazini mwa Benin hutengeneza wagashi kwa kugandisha maziwa ya ng'ombe kwa utomvu wa Calotropis procera, mmea wa majani mazito ya kijivu ambao unaota vilevile katika nyika za kaskazini mwa Kenya. Dawa ya kugandishia ilikuwa imesimama kando ya njia. Wafulani, hata hivyo, wamezungukwa na wakulima na wanawake wa masoko wanaonunua jibini hiyo mahali pa nyama. Wana soko la nafaka mlangoni, nao hubadilisha jibini kwa chakula kingi zaidi kuliko walichouza. Lango la NFD lilimnyima Mborana soko la namna hiyo. Joto lilikuwa moja kwa wote wawili, na kilichotofautiana ni ruhusa ya kuuziana.

Ngamia anahitaji neno lake peke yake, maana Isiolo ya leo inasikika zaidi kwa maziwa ya ngamia kuliko ya ng'ombe. Maziwa haya hayagandi kwa njia ya kawaida. Ile protini iitwayo kapa-kaseini, ambayo kimeng'enya cha tumbo la ndama huikata ili maziwa yashikane, ni karibu asilimia 13 ya kaseini yote katika maziwa ya ng'ombe, na katika ya ngamia haifiki hata asilimia 5. Matokeo yake ni bonge legelege lisilochujika. Mafuta yake nayo yamo katika matone madogo sana, hivyo siagi yake haitoki bila taabu. Msomali alifanya lile ambalo maziwa hayo yanakubali: aliyaacha yachachuke katika chombo kilichofukizwa, akanywa susa. Kwa upande huu wa zizi, basi, maumbile yenyewe yalifunga mlango. Lakini sharti tusiyape maumbile zaidi ya haki yake, kwa sababu ng'ombe, mbuzi na kondoo wa Isiolo walikuwapo muda wote, na maziwa yao hugandika bila ubishi.

Kisha ikaja chai, na kwangu chai ndiyo iliyofunga kesi. Kilimo cha chai kilishika kasi Kericho na Limuru katika miaka ya 1920, na majani pamoja na sukari vilikuwa bidhaa za mwanzo kabisa katika maduka ya kaskazini. Askari, makarani, madereva wa malori na wachunga mifugo waliosubiri sokoni walijifunza chai ya maziwa, iliyochemshwa pamoja na iliki au tangawizi, tamu na nzito. Kikombe hicho kiliyapa maziwa mabichi ya mji mnunuzi wa kila saa, kwa pesa taslimu, asubuhi na jioni. Mwanamke aliyefika mjini na kibuyu saa mbili asubuhi aliuza kabla jua halijawa kali. Hakuhitaji kugandisha, kuchuja wala kungoja. Mkate nao ulipata unyevu na mafuta uliyokuwa ukiyahitaji. Ukila anjera iliyopakwa samli huku ukinywa chai ya maziwa, mafuta, protini na sukari vimeingia tumboni pamoja na unga, na kikaango hakikulazimika kufunga chochote ndani ya mkate. Kijazo kilikuwa kwenye kikombe. Wako wanaoona mlo huu kuwa haba, mkate mtupu wa mtu asiyekuwa na cha kuweka ndani. Mimi nauona umekamilika, na umeamuliwa na watu waliojua thamani ya kila lita.

Haya yote yangeweza kuonekana kama uchaguzi huru wa watu wenye nafasi sawa, nayo ingekuwa picha ya uongo. Mbele ya macho ya Isiolo, kule juu, jibini ilikuwa ikitengenezwa. Walowezi waliungana mwaka 1925 kuunda Kenya Co-operative Creameries, na kwa miongo mitatu ng'ombe wa maziwa wa kigeni, vituo vya ubaridi na soko la siagi na jibini vilikuwa mali yao. Mpango wa Swynnerton wa mwaka 1954 ndio uliowafungulia Waafrika wengi ufugaji wa ng'ombe wa maziwa, na ulifungua zaidi nyanda za juu zenye mvua. Sehemu ya mfugaji wa kaskazini ilikuwa nyama, nayo ilizungushiwa karantini. Mifugo ya NFD ilizuiwa Isiolo ili homa ya mapafu ya ng'ombe isipande kwenye mashamba ya walowezi. Mji uliumbwa kuwa mlango wa kuzuia: ng'ombe hungoja, mchungaji hungoja, dalali hungoja. Anayengoja hula chakula cha haraka. Naamini mkate wa kikaango ulishinda mkate wa mofa kwa sababu hiyo, kwani kikaango kinataka kuni chache na dakika chache, na mteja hajui kama kesho atakuwapo.

Pigo kubwa lilifika katika mwaka wenyewe wa uhuru. Tarehe 28 Juni 1963, Daudi Dabaso Wabera, Mwafrika wa kwanza kuwa mkuu wa wilaya ya Isiolo, aliuawa pamoja na Chifu Haji Galma Diida, na vita vilivyoitwa vya mashifta vikaendelea hadi mapatano ya Arusha ya Oktoba 1967. Waborana hukiita kipindi hicho Gaf Daba. Watu walikusanywa katika vijiji vya ulinzi Garba Tulla, Merti na kwingineko, mifugo ikazuiwa kufuata malisho, ikafa, ikachukuliwa, ikapigwa risasi. Gudrun Dahl, mwanaanthropolojia wa Uswidi aliyechapisha mwaka 1979 kitabu juu ya Waborana wa Waso, alikuta jamii ambayo nguzo yake ya maziwa ilikuwa imevunjika. Familia zilizopoteza ng'ombe zilisogea mjini na kwenye skimu za umwagiliaji kando ya Ewaso Nyiro. Chakula cha msaada kikawa chakula cha kila mwezi. Wengi wanaukumbuka unga wa mahindi ya njano uliosambazwa wakati wa ukame wa 1984. Hapo uwiano wa kale uligeuka juu chini: nafaka ikawa nyingi kuliko maziwa. Wajane na wake wa waliofilisika walishika vikaango, na anjera, chapati na mandazi vikawa mtaji wa mwanamke asiyekuwa na ng'ombe. Kama kuna wakati ambapo mkate wa Isiolo ulitaka kujazwa, ni huo, na ndio wakati ambao maziwa ya kuujaza hayakuwapo.

Msomaji mkali atauliza: je, hiyo si kukiri kwamba ni umaskini tu? Nakubali kwamba kwa kizazi cha baada ya vita umaskini ulikuwa ukuta mnene, na singependa kuupamba. Lakini umaskini hauelezi miaka ya kabla ya 1963, wakati makundi yalikuwa makubwa na ititu ilijaa vyombo, wala hauelezi leo, ambapo zipo nyumba zenye uwezo ambazo bado hupaka samli. Tena tazama Forodhani na Oman. Jibini ya piza ya Zanzibar ni ya kiwandani, imefungwa kwa karatasi na kuletwa kwa meli. Ile inayopakwa kwenye ragagi mara nyingi imetoka kwenye kopo au chupa. Mikate hiyo ilijazwa pale jibini ya dukani ilipokuwa rahisi, na mfugaji wa jirani hakuhusika. Pwani ina bandari, Isiolo ilikuwa na barabara ya vumbi. Lami ya kutoka Nairobi, kilomita 285 hivi, ilikomea hapo kwa miongo mingi, hadi kazi ya kuelekea Merille na kisha Moyale ilipofanyika katika karne hii. Kitu kinachohitaji friji hakikuwa na sababu ya kwenda mwisho wa lami.

Siku hizi barabara hiyo inabeba maziwa kwenda kusini, kuelekea Nairobi. Akina mama wa Isiolo, wengi wao Wasomali, wakiwemo wale wa ushirika wa Anolei, hukusanya maziwa ya ngamia kutoka Kulamawe, Burat na kambi za mbali, wakayapima, wakayapoza, wakayapakia kwenye mabasi kwenda Eastleigh. Ni biashara ya wanawake iliyojengwa bila ruzuku ya mlowezi yeyote, na imeirudishia nyika hadhi ambayo karantini iliipokonya. Kwa hoja yangu ina maana moja zaidi: maziwa ya Isiolo yameendelea kuwa kitu cha kupita. Yananywewa mahali pengine, katika chai ya watu wengine, na bei ya maziwa mabichi Eastleigh ndiyo sababu mpya ya kutoyagandisha.

Lakini mvua zikinyesha vizuri hesabu hubadilika. Maziwa hufurika, bei huanguka, mengine huchachuka kabla ya kufika, yakauzwa kwa hasara kama susa. Hapo ndipo swali la jibini linapopata uzito wake kwa mara ya kwanza, kwa kuwa hayo ni maziwa ambayo watoto wameshiba, samli imetoka na chai imekidhiwa. Kikwazo cha ngamia kimepungua: kimeng'enya cha ngamia mwenyewe, ambacho tangu miaka ya 2000 kinaweza kuzalishwa viwandani, huyashikanisha maziwa yake vizuri kuliko kile cha ndama. Nchini Mauritania, Nancy Abeiderrahmane na kiwanda chake cha Tiviski kule Nouakchott walitengeneza jibini ya ngamia miaka mingi kabla ya hapo, wakakwama mlangoni mwa soko la Ulaya, ambalo halikuwa na kanuni za kupokea bidhaa kama hiyo, huku wananchi wenyewe si walaji wa jibini. Isiolo haihitaji kuvuka bahari. Hoteli za kitalii za Samburu, Buffalo Springs na Shaba ziko karibu na mji, nazo huandaa jibini kwa wageni wao. Wanawake wenye vikaango wako mjini, na wanawake wenye maziwa wanapita hapohapo kila asubuhi. Kwa mara ya kwanza tangu 1926 hakuna sheria inayowazuia kuuziana wapendavyo. Kitakachoamua ni kama jibini ya masika itamlipa mkamuaji zaidi ya susa ya bei ya kutupa, na bei hiyo inaweza kupimwa msimu wowote wa mvua, kwa ng'ombe na mbuzi kwanza, kwa kuwa maziwa yao hayahitaji kimeng'enya cha kuagizwa.